Sura ya Saba: Gemu Iliyotolewa Sadaka

Mnada wa mavuno kanisani una tabia moja inayomkera mpelelezi: kitu kikiuzwa, bado hakijauzwa. Mtu ananunua jogoo, anapigiwa makofi, halafu anasimama na kusema, "Nimemrudishia Bwana," na jogoo yule yule anarudi mezani kuuzwa upya. Anaweza kununuliwa na watu wanne na jioni akalala kwa wa tano. Waumini hufurahi, mfuko wa ujenzi hunona, na jogoo mwenyewe hana la kusema. Anayeona taabu ni mpelelezi, anayekuja wiki kadhaa baadaye kuuliza nani aliondoka na nini.

Ndunge alikuwa mpelelezi huyo. Asubuhi hiyo ya Ijumaa alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya kanisa huko Kalamba, kando ya Mzee Kitheka, anayeendesha mnada kila mwaka kwa sababu ana sauti ya kuita mbuzi aliye ng'ambo ya mto. Zamani Ndunge alikuwa sajini wa polisi. Siku hizi alimfanyia Wakili Nthiwa wa Wote kazi ya upelelezi, kazi yenye vumbi jingi na shukrani chache.

"Mzee, mimi sitafuti jogoo," alisema. "Natafuta gemu. Ile ya TV. Nyeusi, nyembamba kama Biblia. Inaitwa PS2. Mama Kivuva ndiye aliileta."

Kitheka alicheka mpaka kofia ikasogea. "Hiyo naikumbuka, Madam. Hiyo ilinishinda kuuza. Mimi najua kuuza miwa, najua kuuza malenge. Sasa hiyo ningesema nini? Niliinua juu nikasema, hii ni ya vijana. Watu wakacheka tu."

"Ilikuwa katika hali gani?"

"Safi! Inang'aa. Imefungwa na leso mpya. Unajua hapa kwetu sadaka haikujangi na uchafu. Ata kuku, wamama wanamuosha miguu kwanza ndio aingie kanisa."

"Ilikuwa na jina la mtu? Stika yoyote?"

"Hakuna kitu. Ni kama imetoka duka."

Ndunge aliliandika hilo. Kivuva alikuwa amemwambia kwamba stika ilikuwepo.

Kivuva alikuwa rumande. Kesi yake ingeanza kusikizwa Jumatatu, na shtaka lilikuwa mauaji. Ghala la ndengu hapo Kalamba lilivunjwa jioni moja, mlinzi akapigwa, akafa, na jirani mmoja akaapa kwamba alimwona Kivuva akikimbia kutoka huko. Kivuva alisema jioni hiyo yote na usiku wake alikuwa Kibwezi, katika chumba cha nyuma cha duka la rafiki yake Mahad, wakicheza mpira wa kwenye televisheni. Mahad alikubali kwamba walicheza. Lakini polisi walipomuuliza ilikuwa siku gani, alisema ukweli wake: hakumbuki, maana walikuwa wakicheza mara kwa mara. Maneno hayo yaliandikwa, akatia sahihi, na tangu hapo hayakumfaa mtu yeyote isipokuwa kiongozi wa mashtaka.

Ilikuwa juzi tu, Ndunge akimsimulisha Kivuva jioni ile kwa mara isiyojulikana ya ngapi, ndipo kijana alipojipiga paji la uso. "Madam, tulisave! Kila tukimaliza mechi tunasave, tunahifadhi kwa ile kadi ndogo ya kuchomeka mbele. Na kadi inaandika tarehe na saa!"

Kisha akaeleza, akisahau kabisa kwamba ana pingu. Mashine ile aliinunua kwa mtu wa Mombasa aliyekuwa anahama, ikafika ikiwa kipofu, haisomi diski hata moja. Watu walimcheka. Nani siku hizi ananunua kitu ambacho hata waliokitengeneza wameacha kukitengeneza, na simu zimejaa gemu? Lakini yeye aliitafutia jicho la leza kutoka kwa mashine nyingine iliyokufa, akaifuta kwa spiriti, akaizoeza diski kidogo kidogo. Akaibadilishia hata betri ya saa, ile ya duara kama sarafu. Mashine nyingi za umri ule, alisema, betri hiyo ilikufa zamani, na kila ukiziwasha zinadhani ulimwengu ndio unaanza. Yake, aliyoibeba kila alipoenda kwa Mahad, ilikuwa inajua leo ni lini. Alilisema hilo kwa fahari, kama mzazi anayesema mtoto wake ameshika namba ya kwanza.

Wakili Nthiwa alipoambiwa, alisimama. Tarehe moja kiongozi wa mashtaka angeweza kuicheka, alisema, angedai saa ilichezewa. Lakini msururu mzima wa mechi, za kabla ya siku ile, za siku ile na za baada yake, zenye jina la Mahad ndani, ungekuwa mfupa mgumu kooni mwake. "Niletee hiyo kadi," alimwambia Ndunge. "Sina kitu kingine. Nakwambia kweli, sina."

Ndunge alimpigia simu Mama Kivuva. Mama akajibu kwa sauti nyepesi, kama mtu aliyeulizwa kuhusu jirani, "Ile gemu? Nilitoa sadaka."

Ndiyo maana sasa yuko kwenye benchi hili.

"Nani alinunua, mzee?"

"Wa kwanza alikuwa Mwau. Akairudisha. Wa pili alikuwa mgeni wetu mmoja. Akairudisha pia." Kitheka alikuna kidevu. "Halafu sasa kukanyamaza. Nikaita, nikaita. Hakuna mtu. Halafu Mwau akanunua tena."

"Mwau yule yule?"

"Huyo huyo. Na mara hiyo hakurudisha. Alienda nayo."

"Ni Mwau gani?"

"Mwau wa ndengu. Ako na stoo Mukuyuni."

Ndunge alifunga mkoba wake polepole. Mwau wa ndengu, mwenye stoo Mukuyuni, alikuwa binamu wa mlinzi aliyekufa. Jina lake lilikuwa miongoni mwa walioitambua maiti. Mtu anayenunua kitu, akakirudisha, halafu akakinunua tena na kukimbia nacho: huyo ama ana moyo wa ajabu ama ana sababu.

Kabla ya adhuhuri alikuwa Mukuyuni. Stoo ya Mwau ilikuwa imejaa magunia hadi darini, na Mwau mwenyewe, mtu mnene mwenye shati lililopigwa pasi, alikuwa akipenyeza mkono ndani ya gunia na kunusa ndengu. Alipoambiwa jambo lililomleta Madam, hakushtuka. Ndunge angependelea ashtuke.

"Iko hapa," Mwau alisema. Akapanda juu ya magunia, akashuka na kitu kilichofungwa leso ya manjano. "Chukua."

"Unanipa hivyo tu?"

"Si umesema ni ya korti?"

Ndunge alifungua leso juu ya mizani. Mashine ilikuwa safi kupita kiasi. Aliinusa: spiriti, kwa mbali. Kwenye tundu la mbele kadi ilikuwa imechomekwa, nyeusi, ndogo. Alipoitazama kadi hiyo kwa karibu, aliona mahali ambapo stika ya Kivuva ilikuwa imekaa. Mstatili mmoja ulikuwa umefifia kuliko sehemu nyingine. Mtu alikuwa ameibandua, na kusugua gundi yake hadi ikaisha.

"Kwa nini ulinunua mara mbili?"

"Ya kwanza ilikuwa ya kufungua mnada. Mimi nanunuanga ndengu kwa hawa watu, Madam. Nisipoonekana siku ya mavuno, mwaka ujao watauzia mwingine."

"Na ya pili?"

Mwau alijifuta mikono. "Mama alikuwa analia. Amekaa mbele kabisa, kitu yake imeinuliwa juu, na hakuna mtu anaongea. Watu wanajua imetoka nyumba gani. Wengine hawataki ata kuishika. Sasa ningefanya aje? Nikasema bei."

"Marehemu ni wa kwenu."

"Ni binamu yangu. Nilibeba jeneza."

"Na bado ukamnunulia mama wa mshtakiwa."

"Mimi sijui kama ni huyo kijana alifanya. Lakini mama yake hakufanya. Hiyo najua."

Ndunge hakumwamini. Alikuwa amesikia maelezo mengi mazuri katika maisha yake, na mengi ya hayo yaliishia kuwa uongo. Alimwangalia Mwau machoni, Mwau naye akamwangalia, akaonekana mtu aliyechoka kidogo na anayetaka kurudi kwenye ndengu zake.

"Umeiwasha?"

"Ningeiwasha na nini? TV yangu ni ya kisasa, haina hayo matundu matatu ya rangi. Nilifikiria kuweka tu, siku moja nimpatie mtoto wa mtu."

"Nani hapa ana televisheni ya zamani?"

"Ile ya mgongo? Musembi. Fundi wa redio, hapo ng'ambo."

"Twende wote," alisema Ndunge. Hakutaka Mwau abaki nyuma na simu mkononi.

Duka la Musembi lilikuwa na redio zilizokufa kila upande, na katikati, juu ya meza, televisheni ya mgongo iliyokuwa nzito kama jiwe la kusagia. Musembi, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliinua macho, akaona leso, akaona mashine.

"Imerudi tena?" alisema.

Ndunge aliyasikia maneno hayo, lakini aliyapitisha. Kivuva alikuwa mteja wa Musembi siku nyingi, alikuwa amesema hivyo mwenyewe. Bila shaka mashine ilikuwa imeingia humu mara kadhaa. Alichotaka ni waya, umeme na skrini.

Musembi alichomeka nyaya tatu, wa manjano, mweupe na mwekundu. Taa nyekundu ikawaka mbele ya mashine. Alibonyeza, ikageuka kijani. Skrini ikanguruma, ikacheza mistari, kisha ikatulia. Menyu ikatokea. Pembeni kulikuwa na tarehe na saa, na Musembi, kwa mazoea ya fundi, akainua mkono wake na kulinganisha na saa yake.

"Iko sawa," alisema. "Betri bado nzima."

Ndunge alifurahi. Lazima isemwe, maana furaha hiyo haikudumu: alifurahi kama msichana. Saa ilikuwa sawa! Kwa siku mbili alikuwa akilala na hofu ya kitu hicho kimoja, kwamba betri ingekuwa imekufa na mashine ingesema upuuzi, na sasa mashine ilikuwa inasema kweli. Akilini alimwona Kivuva akitoka kwenye mlango wa korti na mama yake akimshika shingo.

"Fungua kadi," alisema. "Kutakuwa na picha ndogo zinazozunguka. Nataka ile ya mpira."

Musembi hakubonyeza.

"Fungua, fundi."

Akabonyeza. Kadi ilitokea kwenye skrini. Akabonyeza tena kuingia ndani yake. Hakukuwa na picha inayozunguka. Hakukuwa na mpira. Nafasi yote ilikuwa wazi, na ukungu wa kijivu ukielea polepole nyuma yake.

"Pengine ni tundu lingine," alisema Ndunge. Musembi akahamisha kadi kwenye tundu la pili. Ikawa vile vile.

Ndunge alimgeukia Mwau. Sauti yake ya usajini, ambayo alidhani ameiacha kambini, ilitoka yenyewe.

"Umefuta."

"Mimi?"

"Ulinunua mara mbili. Ulibandua stika yenye jina lake. Uliisugua na spiriti. Marehemu ni binamu yako. Ulitaka nini, Mwau? Huyu kijana afungwe hata kama hakuwepo?"

"Madam, nakuapia, sijawahi kuichomeka kwa ukuta!" Mwau alikuwa ameanza kutokwa jasho, na lile shati lililopigwa pasi likaanza kushika mgongo. "Niliiweka juu ya magunia siku hiyo hiyo. Uliza kibarua wangu. Uliza mke wangu!"

"Nitawauliza wote. Na nitaandika taarifa sasa hivi, na utaitia sahihi mbele ya—"

"Madam," alisema Musembi. "Muache. Ni mimi."

Nje mtu alikuwa anatangaza miche ya maembe kwa kipaza sauti, na sauti hiyo ilisikika wazi kabisa.

"Ni mimi nilifuta," alisema Musembi tena. Alikuwa amevua miwani na kuishika. "Mama Kivuva mwenyewe aliileta, kabla ya mavuno. Alikuja na gari asubuhi kutoka Kalamba. Nikadhani anauza apate ya wakili. Mtu akiuza, mimi natoa vitu vyake vyote, ni kawaida. Akasema nioshe. Nikafungua, nikatoa vumbi, nikapanguza jicho, nikasugua kava. Stika nikatoa. Halafu nikamuuliza, mama, hii kadi iko na mambo ya Kivuva, nifute? Akasema futa."

"Na ukafuta."

"Nilimuuliza tena. Nilijua huyo kijana anapenda mechi zake. Nikamwambia, mama, zote? Akasema, zote, sitaki kitu ya mtu ibaki ndani, ni ya Mungu sasa." Musembi alitazama skrini tupu. "Nikafomati. Halafu nikaweka gemu yangu kujaribu kama kadi inaandika vizuri, nikaandika juu yake, nikafuta tena. Nilitaka aende na kitu kizuri."

"Inaweza kurudishwa? Nairobi? Kuna watu wenye kompyuta za kufanya hivyo."

"Simu labda. Kompyuta labda. Hii ni kadi ya zamani, Madam, ni ndogo sana. Nikishaandika juu, imeenda." Aliongeza kwa sauti ya chini, "Sikujua. Hakuna mtu aliniambia kuna kesi ndani yake."

Hakuna mtu aliyejua. Hata mwenye mashine alikuwa hajakumbuka siku hiyo. Ndunge alitaka kumkasirikia Musembi, akashindwa. Akataka kumkasirikia Mwau, ambaye alikuwa bado anajifuta shingo, akaona aibu. Zamani, akiwa askari, kazi ikiharibika kulikuwa na mtu wa kumshika kola. Leo alitazama duka lote na hakumpata.

Alitoka nje, akampigia Mahad.

"Mahad, ile gemu mliyocheza na Kivuva. Wewe huna kadi yako? Labda mlisave kwa zote mbili."

"Yangu ilikufa zamani, Madam. Ndio maana tulikuwa tunatumia yake." Nyuma yake mbuzi walikuwa wakilia na mtu akigombana na dereva wa lori. "Kwani hamjaipata?"

"Tumeipata."

"Wallahi? Alhamdulillahi! Basi itasema. Mimi hiyo siku imenisumbua, Madam, nalala nikiitafuta kichwani. Nikiipata nitakuja mbio. Lakini sasa iko kwa kadi, si ndiyo?"

"Nitakupigia baadaye, Mahad."

Mwau alikuwa amemfuata hadi mlangoni. Alikuwa ameifunga mashine tena ndani ya leso, vizuri, pembe kwa pembe. "Nenda nayo," alisema. "Mimi sina kazi nayo." Kisha, baada ya muda, "Pole, Madam," kana kwamba ni yeye aliyemshuku Ndunge.

Alipofika tena Kalamba jua lilikuwa limeanza kulegea. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Wakili angemwambia mama, au yeye angemwambia mama, au pengine hakuna aliyelazimika kumwambia mama. Kesi ingeendelea bila kadi, vile ilivyokuwa kabla ya juzi. Lilikuwa wazo zuri, na lilidumu mpaka alipoingia uani.

Syombua, mama Kivuva, alikuwa anapepeta ndengu kwenye ungo. Kwenye kamba nyuma yake shati jeupe la Kivuva lilikuwa limeanikwa peke yake, limefuliwa na kutiwa wanga, la kuvaa Jumatatu. Alipoona leso ya manjano mkononi mwa mgeni, ungo ulisimama.

"Imerudi?"

"Wĩ mũseo, mwaitu," Ndunge alimwamkia kwa Kikamba, akimwita mama.

Mama hakuitikia salamu. "Kwa nini imerudi? Mungu ameikataa?"

"Hapana, mama. Sadaka yako ilipokelewa. Mwau aliinunua, akanipatia tu."

Mama alishusha pumzi, akaleta kiti, akaleta chai. Alipokea leso, akaifungua juu ya magoti, akapitisha kidole juu ya mashine kutafuta vumbi na hakulipata.

"Mlipoiwasha, iliwaka?"

"Iliwaka vizuri."

"Musembi ni fundi mzuri. Kivuva haamini mtu mwingine." Alitabasamu kidogo. "Unajua hiyo ndiyo kitu Kivuva anapenda kushinda zote? Angeniuliza kwa nini sikutoa mbuzi. Lakini mbuzi ni wa kila mtu. Nikasema, nikitaka mtoto wangu arudi, nitoe kitu yake mwenyewe. Na niitoe ikiwa safi. Hauwezi kupelekea Mungu kitu imejaa mikono ya watu."

"Ndiyo, mama."

"Na wakili anaitakia nini? Uliniambia tu anaitaka."

Ndunge alikuwa amewahoji wezi wa ng'ombe, wanaume waliowaua ndugu zao, na mwalimu mmoja aliyeongopa kwa siku tatu bila kupepesa jicho. Alijua jinsi ya kuuliza kila swali. Hili lilikuwa la kujibu. Alikunywa chai, ikamuunguza, akaimeza hivyo hivyo.

"Kulikuwa na kitu ndani ya kadi," alisema mwishowe. "Mechi zao za Kibwezi. Kila mechi na siku yake. Ingeonyesha kwamba jioni ile Kivuva alikuwa kwa Mahad."

Uso wa mama ulifunguka wote. "Si nilisema! Basi muonyeshe jaji!"

"Haziko tena, mama."

"Haziko? Nani alitoa?"

Kuku mmoja alikuja akadonoa ndengu zilizoanguka, na hakuna aliyemfukuza. Ndunge alitafuta jina la kumtajia, jina lolote. Mama alimtazama. Kisha akaitazama mashine. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye kadi, pale palipofifia, palipokuwa na stika, na kikaacha kusogea.

"Fundi aliniuliza," alisema polepole. "Aliniuliza mara mbili."

"Hukujua, mwaitu. Hakuna mtu aliyejua. Hata Kivuva alikuwa hajakumbuka."

"Aliniuliza, mama, zote? Nikamwambia, zote."

Ndunge aliweka kikombe chini na kumshika mkono. Ulikuwa mkono mkavu, mgumu. Alingoja kilio, maana kilio alijua la kufanya nacho, lakini mama aliangalia shati jeupe kwenye kamba. Kisha akaifunga mashine ndani ya leso, pembe kwa pembe, akasimama na kujifuta makapi ya ndengu kwenye nguo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata njia.

"Basi Jumatatu nitaenda na wewe," alisema. "Nitasimama mbele ya jaji niseme ni mimi nilifuta. Niseme zilikuwa ndani, mtoto wangu alikuwa Kibwezi, na ni mimi nilitoa kwa mikono yangu. Nitaapa na Biblia."

Akilini Ndunge alimwona kiongozi wa mashtaka akiinuka taratibu, akiwa na adabu zote, akimuuliza mama kama aliwahi kuziona mechi hizo kwa macho yake. Alimwona akigeuka kwa jaji, akinyoosha mikono.

"Mama Kivuva," alianza.

"Wataniamini, Madam." Mama alikuwa tayari anaelekea kwenye kamba, akigusa kola ya shati kuona kama imekauka. "Jaji hawezi kukataa. Mimi si ni mama yake?"